Steringi Ana Mbio Kuliko Sauti, Mbona Hatumwamini? Mwongozo wa Kutafuta Hitilafu kwenye Tamthilia za Mashujaa

Unaangalia tamthilia ya shujaa, mambo yanakwenda vizuri, halafu ghafla unahisi kitu kimekatika. Hujui ni nini. Mtu karuka ghorofa tano ukamkubalia, kabeba gari ukamkubalia, ila huyu aliyemdaka mtoto hewani kakukera. Unaguna. Wenzako sebuleni wanakugeukia: "Wee, si filamu tu hii?" Hawajakujibu. Ingekuwa suala ni "filamu tu", lile gari nalo lingekukera.

Nimefundisha fizikia sekondari kwa miaka kadhaa, na wapwa zangu hawanionei huruma. Kila likizo wananiletea hitilafu za namna hii nizitengeneze. Mwongozo huu umetokana na ubishi wa sebuleni. Utamfaa mtazamaji anayetaka kujua kwa nini kaguna, na utamfaa zaidi kijana anayeandika hadithi yake ya shujaa.

Kabla hujafungua chochote

Fundi redio mzuri hashiki bisibisi kabla hajauliza: ilianza lini, ilikuwa inafanya nini? Nasi tuanze hivyo. Uwezo wenyewe wa shujaa sio hitilafu. Radi kumpa mtu mbio, jua kumpa msichana nguvu za kunyanyua ndege, hayo ni kiingilio cha mlangoni. Umeshalipa, umeingia, usidai chenji. Hitilafu huanza pale uwongo wa pili unapoingia bila tiketi.

Kipimo nitakachotumia karibu kila mahali ni swali moja: nani kalipa? Fizikia kwa sehemu kubwa ni uhasibu. Nishati haitoki hewani na kani haipotei njiani, hivyo shujaa akifanya jambo kubwa lazima pawepo aliyetoa: mwili wake, ardhi aliyokanyaga, kitu alichoshika au mtu aliyemwokoa. Mtazamaji asiyejua hata fomula moja huisoma hiyo leja bila kufundishwa.

Dalili: Ana kasi ya radi, lakini jambazi wa kawaida anampata

Malalamiko haya ndiyo mengi kuliko yote, na mgonjwa wetu mkuu ni The Flash, iliyoanza Oktoba 2014 ikamalizika Mei 2023 baada ya misimu 9. Barry Allen, mpelelezi wa maabara wa polisi, anapigwa na radi usiku ambao mtambo wa kuharakisha chembe wa maabara ya S.T.A.R. Labs unalipuka. Analala bila fahamu miezi 9, anaamka akiwa mwepesi kuliko chombo chochote barabarani. Halafu anatokea Leonard Snart, mwizi ambaye hana uwezo wowote ila bunduki ya baridi, na anamtoa kijasho.

Usikimbilie kusema mwandishi kasahau. Pima kwanza akili ya shujaa, kisha miguu. Binadamu huchukua takriban robo sekunde kuona jambo na kuanza kulijibu. Risasi ya bastola inayokwenda mita 350 kwa sekunde huwa imeshapita mita 80 na zaidi ndani ya robo hiyo. Kwa hiyo shujaa mwenye miguu ya radi na macho ya kawaida anakufa kama mimi na wewe, amesimama, akinywa kahawa. Kama macho na ubongo wake navyo vina kasi muda wote, hakuna wa kumvizia, lakini pia kila mazungumzo na mama mkwe yangemchukua kama mwezi. Tamthilia inapaswa kuchagua moja. The Flash inachagua yote mawili, kulingana na shida ya siku hiyo, na hapo ndipo mguno unapotoka.

Chanzo cha ndani ni cha kiwandani. Msimu wa kwanza una sehemu 23, kila moja dakika arobaini na kitu. Mtu anayeweza kumaliza ugomvi kwa sekunde mbili hajazi dakika arobaini, hivyo wiki moja anapunguzwa kasi na wiki inayofuata anarudishiwa.

Marekebisho yake yamo humo humo, sehemu ya nne. Snart hajaribu kumshinda Barry mbio. Anaiangusha treni yenye abiria. Sasa kasi yote ile ina kazi ya kufanya, behewa kwa behewa, na mwizi anaondoka zake akitembea. Shujaa hakupunguzwa hata kidogo, kaongezewa mzigo. Ukiwa unaandika na steringi wako amekuwa mkubwa kuliko hadithi, fanya alivyofanya Snart: usimguse yeye, gusa kinachomhusu.

Dalili: Moyo unasema "haiwezekani", lakini hujui ni wapi haiwezekani

Hapa wengi wanapima mahali pasipouma. Wanailaumu miguu.

Chukua sehemu ya sita ya msimu ule ule. Adui ni Tony Woodward, mwili wake unageuka chuma. Cisco Ramon, mhandisi wa ile maabara ya S.T.A.R. Labs anayemsaidia Barry, anapiga hesabu: Barry akimfikia kwa mara 1.1 ya kasi ya sauti, ngumi itafanya kazi. Inabidi aanzie umbali wa maili 5.3, yaani kilomita 8 na nusu.

Nilishika kalamu nikiwa na nia ya kuwaumbua, nakiri. Kasi hiyo ni kama mita 375 kwa sekunde. Mkimbiaji hasukumwi na misuli peke yake. Anasukumwa na msuguano wa kiatu na lami, na raba kavu juu ya lami kavu hushika kwa kani inayokaribia uzito wa aliyeivaa. Ili kuipata kasi ile ndani ya kilomita 8 na nusu unahitaji mchapuko wa mita 8.2 kwa sekunde kila sekunde. Hiyo ni chini kidogo ya kiwango ambacho raba nzuri inakimudu! Iwe walikokotoa, iwe walibahatisha, umbali ule umekaa sawasawa. Sekunde 46 hivi na yuko pale. Nikaweka kalamu chini kwa heshima.

Nikaishika tena, maana kosa liko hewani. Hewa hukaza kwa mraba wa kasi: ukienda mara mbili, inakusukuma mara nne. Kwenye mita 375 kwa sekunde, mtu mwenye umbo la kawaida anasukumwa nyuma kwa kani kama ya uzito wa tani 3 na ushee, wakati kiatu chake kinashika kwa kilo zisizofika 75. Kwa hesabu yangu ya haraka angegota karibu na kilomita 180 kwa saa, kasi ya gari zuri kwenye barabara tupu, na kutoka hapo angekuwa anakanyaga tu bila kuongeza kitu. Miguu haina kosa. Tatizo ni upepo, ambao tamthilia haiutaji isipokuwa unapopeperusha karatasi za ofisini.

Sasa leja ya chakula. Sehemu ya pili ya msimu huo Barry anazimia ovyo, na inagundulika mwili wake unachoma sukari kuliko anachokula. Cisco anakadiria anahitaji taco 850. Taco ni chakula cha Mexico, chapati ndogo ya mahindi iliyokunjwa na kujazwa nyama. Watazamaji walicheka. Mimi nilijumlisha: kuupa mwili wa kilo 75 kasi ile, kuipasua hewa kilomita 8 na nusu, na kukumbuka kwamba msuli hugeuza kama robo tu ya chakula kuwa mwendo, robo tatu zikiwa joto. Nikapata kama kilokalori 140,000. Ukikadiria taco moja ina 170, hizo ni taco 820 na kitu kwa ngumi moja. Kwa wali wa nyumbani sikuthubutu kuhesabu. Kwa chapati za mafuta ni kama 470. Makadirio haya ni ya juu juu, na hewa karibu na kasi ya sauti huwa na ukaidi zaidi ya niliouweka, lakini mzaha wa Cisco umeangukia jirani kabisa na ukweli.

Ndiyo maana msimu ule wa kwanza unaaminika. Bili ilisomwa mezani. Baadaye ile njaa inafifia, na kuanzia msimu wa pili kuna Speed Force, chemchemi ya kasi iliyo nje ya dunia, ambayo kazi yake kihasibu ni ya mjomba tajiri: hewa kalipa mjomba, chakula kalipa mjomba, kiatu kutoungua kalipa mjomba. Sio dhambi kuwa na mjomba tajiri. Ila mpwa aliyelipiwa kila kitu hana hadithi, na ndipo waandishi wakalazimika kuleta mkimbiaji mwingine mwovu, halafu mwingine, halafu mwingine.

Dalili: Mtu kaanguka kutoka ghorofani, kadakwa mikononi, anatabasamu

Hii inapimika bila kikokotoo. Gawa kimo alichoanguka kwa umbali aliotumia kusimama. Jawabu ndilo mara ngapi ya uzito wake mwili unabeba. Ghorofa ya kumi ni kama mita 30. Mikono ya shujaa aliyesimama imara inazama labda sentimita 30. Mia moja. Mtu wa kilo 60, kwa kitambo hicho kifupi, anakuwa na uzito wa tani 6 juu ya mikono miwili isiyopinda. Kwa shingo yake hiyo si tofauti kubwa na sakafu. Anayeua sio ardhi, ni kusimama ghafla.

Nani kalipa? Hakuna. Ndiyo maana umeguna.

Dawa anaijua kila golikipa: shuti kali hulipokei kwa mikono iliyokaza, unavuta nyuma pamoja nalo. Shujaa anayepaa ashuke sambamba na aliyeanguka, amshike kwa upole, kisha wapunguze pamoja. Wakitumia mita 6 kusimama, mwili unabeba mara 5 hivi, ambazo rubani wa ndege za kivita anazizoea. Tamthilia nyingi sasa zinafanya hivi kwa jicho tu, bila kutaja hesabu, na watazamaji wanatulia. Wachoraji wa majarida waliligundua hili kwa uchungu zamani: mwaka 1973 Spider-Man alimnasa Gwen Stacy kwa utando alipokuwa akianguka kutoka darajani, na kule kunasa kwenyewe kukamvunja shingo. James Kakalios, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Minnesota, amekuwa akilitumia tukio hilo kufundishia. Ni mfano bora kuliko wa embe linaloanguka, nadhani wanafunzi wangu wa zamani watakubali.

Ukiona mtu ananyakuliwa kando na mkimbiaji wa kasi kubwa, pima vivyo hivyo. Kumtoa mtu sifuri hadi mita 300 kwa sekunde ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde ni mara 300 ya uzito wake. Barry kaokoa maelfu. Kihesabu aliwaacha wote wakiwa na kola za shingo.

Dalili: Ananyanyua ndege au meli, na haipasuki

Muulize fundi magari yeyote wa gereji za chini ya mwembe jeki huwekwa wapi. Hatakwambia "popote". Ukiiweka kwenye bati, bati linaingia ndani na gari haliendi juu. Ndege nazo zina sehemu maalumu za kuwekea jeki wakati wa matengenezo; kwingineko ni ganda jembamba tu. Sasa ndege ya tani 60 juu ya viganja viwili vya mikono, tuseme sentimita za mraba 300 kwa jumla, ni kilo 200 kwa kila sentimita ya mraba. Kanieneo hiyo haimnyanyui abiria hata mmoja. Mikono inapenya, shujaa anajikuta amesimama kwenye mizigo.

Supergirl, iliyoanza kwenye kituo cha televisheni cha CBS Oktoba 2015, inafungua na tukio hili hili: Kara Danvers anaitua majini ndege iliyombeba dada yake. Ukiishia sehemu ya kwanza utaweka tamthilia hii kwenye kundi la wasiojua jeki. Lakini sehemu ya pili inanishangaza mpaka leo. Kuna moto karibu na meli ya mafuta, Kara anakwenda kuiondoa kwa nguvu zake zote, na meli inashindwa kuzihimili. Mafuta yanamwagika. Mji mzima unamsema. Chuma kimelipa, bahari imelipa, na sifa yake imelipa! Anarudi chini kujifunza kwa kazi ndogo ndogo. Waandishi waliotudanganya kuhusu ndege walitulipa wiki iliyofuata kwa meli, na kwangu mimi deni limefutika.

Katuni ya Invincible ya mwaka 2021 inakwenda mbali zaidi, na hii si ya watoto, tafadhali. Katika sehemu ya mwisho ya msimu wa kwanza, Omni-Man anamshika mwanawe Mark kwenye njia ya treni inayokuja. Tumezoea shujaa anyooshe mkono, treni isimame, abiria washangilie. Hapa mwili wa Mark hausogei, hivyo treni ndiyo inayochanika, na walio ndani pamoja nayo. Ni fizikia sahihi kuliko zote nilizotaja, na ndiyo inayotisha kuliko zote. Sikuguna. Nilizima televisheni nikatoka nje.

Dalili: Ana uwezo uliosahaulika

Heroes, ya NBC, 2006 hadi 2010. Peter Petrelli hunyonya uwezo wa kila mwenye uwezo anayekaa karibu naye. Wazo tamu, ila ni bomu kwa mwandishi, kwa sababu kufikia mwisho wa msimu wa kwanza Peter anapaa, anaponyesha majeraha yake, anasoma mawazo, na orodha inaendelea. Sasa Peter anakaribia kulipuka katikati ya New York, na kaka yake Nathan anakuja kumbeba kumpeleka angani. Ukumbi mzima ukauliza: kwani Peter mwenyewe si anapaa?

Maelezo ya kumtetea yapo, kwamba alikuwa ameshindwa kujidhibiti. Yangeaminika kama yangeonyeshwa kabla, sio kudaiwa baada. Jambo lenyewe ni kwamba waandishi walihitaji kaka mtu ajitoe, na hilo ni hitaji halali, ila waliliacha likiwa limeegemea kitasa kibovu. Waliokuja kulirekebisha walitumia nyundo: msimu wa pili Peter anapoteza kumbukumbu, msimu wa tatu baba yake anamnyang'anya uwezo wote, na unaporudi anaruhusiwa mmoja kwa wakati. Kwa haki, msimu wa pili ulikatwa ukabaki sehemu 11 kwa sababu ya mgomo wa waandishi wa Marekani wa Novemba 2007 hadi Februari 2008, hivyo si kila ufa humo ni wa fundi mmoja.

Linganisha na Smallville, 2001 hadi 2011. Watengenezaji walijiwekea sheria: hakuna vazi, hakuna kupaa. Clark Kent kijana, Superman wa baadaye, aligawiwa uwezo kwa kijiko. Macho ya kuona ndani ya vitu yalikuja msimu wa kwanza, macho ya moto wa pili, masikio makali wa tatu, na pumzi ya nguvu msimu wa sita kutokana na chafya! Stoo haikuwahi kujaa kiasi cha mwenyewe kusahau kilichomo. Ukiandika, fuata huyu. Mpe steringi kitu kipya pale tu cha zamani kimeshindwa mbele ya macho yetu.

Dalili: Jana hakujua kitu, leo ni bingwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu tamthilia nyingi zinaanguka hapa huku zikidhani zimefaulu.

Ukiwauliza waandishi mwanagenzi anafananaje, wengi watamchora dhaifu: anapigwa, anadondoka, anajiuliza kama anafaa, kisha muziki unapigwa, anafanya mazoezi ya dakika mbili, kisha anashinda. Sivyo mwanagenzi alivyo. Kaa kiti cha nyuma siku mtu anafundishwa gari. Hana udhaifu wowote. Anazidisha. Anakanyaga breki mpaka paji la uso linakuja mbele, anaachia klachi kwa ghafla, anakata usukani kwa mikono miwili kukwepa kuku aliye mita ishirini. Mtu mpya hana kipimo, nguvu anayo. Mwenye nguvu za ajabu asiye na uzoefu anapaswa kutisha vitasa vya milango.

Ndiyo maana ile meli ya Kara ni somo zuri, na ndiyo maana napenda macho ya moto ya Clark. Hayakuja wakati wa vita. Yalimjia darasani, hamu ya ujana ilipopanda, akachoma skrini mbele ya mwalimu. Aibu tupu. Ikambidi ajifunze kuyatuliza kama kijana yeyote anavyojifunza kutuliza mwili wake, na kwa kuwa tumeona aibu, tunaamini ustadi. Mark wa Invincible anagundua nguvu zake akitupa mfuko wa taka: anaurusha, unapotelea angani. Hakuna muziki. Ni mfuko wa taka.

Babu yao wote ni The Greatest American Hero ya ABC, 1981 hadi 1983. Mwalimu wa sekondari, Ralph Hinkley, anapewa na viumbe wa anga vazi la nguvu pamoja na kijitabu cha maelekezo, na anakipoteza kijitabu jangwani siku hiyo hiyo. Misimu yote anaruka kama gunia na kutua kwa kujibamiza ukutani. Ni kichekesho, ila kanuni yake ni ngumu kuliko za tamthilia nyingi nzito: hakuna anachokijua ambacho sisi hatukuona akikijua. Waswahili husema kupotea njia ndiko kujua njia, na Ralph amepotea njia kwa misimu mitatu.

Ukishapima mwanzo, pima na mwisho wake. Kuna hitilafu ya pili inayofanana na hii kwa nje lakini chanzo chake ni kinyume: mwanagenzi asiyehitimu. Barry wa msimu wa kwanza kuambiwa "kimbia, Barry, kimbia" ni sawa, hajui uwezo wake unaishia wapi. Barry wa misimu ya baadaye bado anahitaji mtu sikioni amkumbushe kukimbia. Dereva aliyeendesha miaka saba haambiwi "kanyaga mafuta". Chanzo ni kwamba kundi la maabara lina mishahara na mashabiki, lazima lipate la kusema. Marekebisho ni kumpa mzoefu makosa ya wazoefu, ambayo si ya kutojua bali ya kujiamini. Na The Flash ilifanya hivyo mara moja kwa ukatili mzuri: kufunga msimu wa pili, 2016, Barry anarudi nyuma kwenye wakati kumwokoa mama yake. Anajua kabisa anachofanya. Anapojaribu kurudisha mambo yalivyokuwa, anakuta Dante, kaka yake Cisco, amekufa. Nani kalipa? Rafiki yake, ambaye hakuulizwa.

Kuhusu mwalimu wa mwanagenzi, ukaguzi ni mmoja tu: mwalimu ana mipaka gani? Mwenye kila jibu ni ile Speed Force ikiwa na ndevu. Supa Team 4, katuni ya Mzambia Malenga Mulendema iliyotoka Julai 2023, ina wasichana wanne wa Lusaka wanaofundishwa na Mama K, jasusi mstaafu mwenye ari kubwa na bajeti ndogo. Mwalimu asiye na hela hufundisha vizuri ajabu, maana kila kifaa kikiharibika kina uchungu.

Dalili ndogo ndogo

Risasi hazimwingii, nguo hazina tundu: hitilafu ya kweli, tiba rahisi. Luke Cage ya 2016 iliacha sweta lenye kofia litoboke matundu tele, na matundu yakawa sehemu ya hadithi mitaani Harlem.

Ana kasi lakini anaonyeshwa polepole: hiyo siyo hitilafu. The Six Million Dollar Man ya miaka ya 1970 ilionyesha mbio za Steve Austin kwa kupunguza mwendo wa picha, na watoto wa dunia nzima walielewa. Ni lugha tu.

Anapigana dakika kumi hachoki: hitilafu, na ni ya kivivu. Tazama sehemu ya pili ya Daredevil ya 2015, ule ugomvi wa kwenye korido. Matt Murdock anaegemea ukuta kati ya ngumi na ngumi. Anarusha ngumi ambayo haina tena nguvu ndani yake. Hakuna fizikia ngeni pale, ni mapafu tu yakidai chao.

Ikiwa umepima yote na mguno bado upo

Basi kagua nakala yako. Hili ningepaswa kuliweka juu kabisa, kama wanavyoandika kwenye vijitabu vya redio: hakikisha umechomeka waya. Wengi wetu tumeziona tamthilia hizi zikiwa zimetafsiriwa, na mtafsiri akizungumza juu ya sauti yao. Mtafsiri ana kazi ya kuchekesha, na sentensi za maabara ndizo anazozikalia. Mara ya kwanza nilipoiona ile ngumi ya kilomita 8 na nusu ilikuwa kwenye nakala ya namna hiyo. Cisco alikuwa ubaoni anaeleza umbali, kasi, ugumu wa chuma. Mtafsiri akasema: "Anamwambia, nenda kachukue mbio kule kwa shemeji, ukirudi usisimame."

Mpwa wangu mdogo akanigeukia. "Anko, kwa shemeji ni mbali?"

Nikamwambia ni mbali kiasi cha chapati 470.